Jinsi ya kuufanya usharika wako upende kuwasaidia wahitaji bila kuwachosha watu na michango

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nimeona niandike hii kitu kwa urefu maana swali ni lile lile kila mwaka, wachungaji wanauliza, wazee wa kanisa wanauliza, kamati za diakonia (huduma ya kanisa kwa wahitaji) wanauliza, tufanyeje washarika wapende kutoa kwa ajili ya maskini, mbona kwenye jengo wanatoa, kwenye harusi wanatoa, ila ukitaja mfuko wa wahitaji kikapu kinarudi na sarafu tupu. Mimi nahudumu kwenye diakonia KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, huku Kilimanjaro kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huku, lakini hata kama wewe ni Mkatoliki au Mwanglikana au Mmoraviani au unasali kanisa la kiroho utabadilisha majina tu, sisi tunasema usharika nyie mnasema parokia, kazi ni ile ile.

Kwanza tuelewane, watu wetu sio wachoyo. Angalia mtaani kwenu mtu akifiwa, jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vimeletwa, akina mama wako jikoni na kila mmoja kaja na kitu chake, huyu sukari huyu ndizi huyu kuni, vijana wanachimba kaburi bila kudai hata maji ya kunywa, na daftari la rambirambi linajaa majina. Hao hao ndio wanaokaa kwenye mabenchi yetu Jumapili. Kule wanatoa kwa sababu aliyefiwa wanamjua, kinachotakiwa wanakijua, na wakitoa wanakiona kimefika. Sasa ile sadaka ya diakonia tunayoitangaza haina hata kimoja kati ya hivyo, mtu anaambiwa "tuwakumbuke wahitaji" hajui ni wahitaji gani, wako wapi, wana shida gani, na hela yake ikishaingia kwenye kikapu hasikii habari zake tena. Nitakayoeleza hapa chini yote ni kurudisha vitu hivyo kanisani.

Mfuko wa wahitaji ukae peke yake

Hapa ndo pa kuanzia na msiparuke hata kama mna haraka. Kama hela ya wahitaji inaingia akaunti moja na hela ya jengo na umeme na posho za vikao, itamezwa, na washarika wanajua itamezwa ndio maana hawatoi. Baraza la wazee likae, lipitishe na liandike kwenye muhtasari kwamba mfuko wa diakonia haukopwi. Haukopwi hata wiki moja, hata kama mabati ya kanisa yamefika stendi na dereva anasubiri malipo yake. Nasisitiza sana hapa maana mifuko hii mara nyingi haifi kwa wizi, inakufa kwa kukopwa kwa nia njema, mara ya kwanza inarudishwa, mara ya pili inarudishwa nusu, afu anakuja mama ana mtoto mgonjwa anaambiwa asubiri mwisho wa mwezi.

Namba ya kupokelea hela iwe Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, isiwe simu ya mhazini, hata kama mhazini ni mtu mwaminifu kuliko wote. Kutoa hela benki wasaini watu wasiopungua wawili na wasiwe wa nyumba moja. Mtu asidhani hii ni kukosa imani kwa watumishi, Paulo mwenyewe alipokuwa anapeleka mchango wa kwenda Yerusalemu hakuubeba peke yake, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, na kwenye 2 Wakorintho 8:20 anasema wazi alikuwa anajiepusha na lawama kuhusu ile karama. Na Matendo 6, Wayahudi wa Kiyunani walipolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, mitume hawakusema hao ni wanung'unikaji, walichagua watu saba wenye sifa njema wakawapa kazi hiyo tu. Kwa hiyo kamati yenu ya diakonia iwe na watu wa namna hiyo na wasiwe na vyeo vingine vitano kanisani, maana mtu wa vyeo vitano hana muda wa kwenda kumtembelea mgonjwa.

Wahitaji watajwe na jumuiya

Ofisi ya usharika haiwezi kujua nani hajala. Jumuiya inajua. Wenzetu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliona hili mapema, maaskofu wao wakazifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele tangu miaka ya 1970, na leo karibu kila kanisa kubwa lina kitu cha aina hiyo. Faida yake kwenye diakonia ni kwamba ibada inazunguka nyumba kwa nyumba, na ukikaa sebuleni kwa mtu nusu saa unaona mengi, unaona bati linavuja juu ya kitanda, unaona jiko halijawashwa siku hiyo, unaona mtoto yuko nyumbani siku ya shule.

Na angalieni sana wale ambao hamuwaoni. Msharika akipotea ibadani wiki nne tano tunasema amepoa kiroho, tunapanga kumwombea, wakati wengi wamepotea kwa sababu hawana cha kuweka kwenye kikapu au bahasha yake ya ahadi ina deni la miezi na anaogopa jina lake litatajwa. Umaskini unamtoa mtu kanisani kimya kimya. Kila jumuiya iwe na mtu wa kufuatilia wasioonekana, aende kama jirani, asiende na daftari la madeni.

Utaratibu wa kumtembelea mhitaji ni huu, waende watu wawili na mmoja awe mama, wakae, wasalimiane vizuri, wasianze kuhoji. Halafu swali muhimu kuliko yote ni hili: "Mama, wewe mwenyewe unaona kipi kingekusaidia?" Mara nyingi mnaenda na wazo la unga kichwani kumbe unga anao, mwanawe kamletea, shida yake ni mlango wa choo umeoza na anaogopa kutoka usiku. Mlango wa choo ni mbao chache na fundi wa nusu siku. Mngepeleka unga mngerudi mmefurahi na bibi angebaki na shida yake.

Swali la pili ni nini familia yenyewe inaweza. Kama kuna kijana wa miaka ishirini nyumbani basi usharika unanunua mbao na misumari na kijana anasaidiana na fundi. Watu wanapokea kwa amani zaidi wakiwa wameweka mkono wao pia.

La tatu, angalieni serikali inatoa nini ili hela yenu iende pale ambapo hapana mtu mwingine. Tanzania ada imefutwa shule za serikali za msingi na sekondari, tangu 2016 hadi kidato cha nne na tangu 2022 hadi kidato cha sita, lakini sare, viatu, madaftari, begi vyote mzazi anabeba, na hapo ndipo watoto wanapokwamia. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, sera ni watibiwe bure hospitali za serikali, ila lazima watambuliwe, wawe na barua au kitambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa, na mzee mwenye miguu mibovu hawezi kupanda bodaboda mara tatu kufuata muhuri. Kijana mmoja wa jumuiya akimfuatilia ile barua amemsaidia kuliko mtu aliyempa elfu ishirini. Hivyo hivyo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wako watu wana sifa na hawajui hata mkutano wa kijiji wa kuandikisha unafanyika lini.

Mkimaliza kila jumuiya iandike mahitaji yake, jina la mhitaji libaki kwa mwenyekiti na mtu mmoja wa diakonia, kwenye karatasi ya ofisi iende namba tu. Namba 7, mama mwenye watoto watatu, sare mbili na viatu jozi mbili. Inatosha.

Namna ya kusema mbele za watu

Tangazo baya ni hili tunalolijua: "Wapendwa tunaomba tuendelee kuwakumbuka wahitaji kwa sadaka zetu, Mungu awabariki." Halisemi kitu. Jaribuni hivi:

"Wapendwa, shule zinafunguliwa Januari. Jumuiya zetu zimeleta watoto 14 ambao hawana sare. Sare moja na viatu kwa fundi wetu ni shilingi kadhaa (mtaje bei ya kweli mliyoulizia wiki hiyo). Anayeweza sare moja aseme sare moja, wanaoweza kuungana watatu wakatoa moja waungane, na aliye fundi cherehani akajitolea kushona tunamhitaji kuliko wote. Mezani nje kuna dada wa diakonia ana daftari. Jumapili ya tarehe fulani tutawaambia zimepatikana ngapi."

Mnaona hapo mtu anajua idadi, bei, mwisho wa kutoa, na atapewa jibu lini. Tumejifunza hilo kwenye kamati za harusi. Kamati ya harusi haisemi "mkumbuke harusi", inampa mtu kadi, inaandika ahadi, ina tarehe, na mjumbe anapiga simu kwa upole kukumbusha. Watu wale wale wanaoahidi laki kwenye harusi wataahidi sare mbili za mtoto mkiwaomba kwa utaratibu ule ule, na wanafurahi kweli kweli kwa sababu sare wanaiona.

Kwenye mahubiri sitasema mengi maana wachungaji wetu wanajua kazi yao, ila naomba mambo mawili matatu. Malaki 3:10 isiwe andiko pekee la utoaji mwaka mzima, fungueni na Kumbukumbu 14:28-29 muone zaka ya mwaka wa tatu ilikuwa inaliwa na nani, Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. Msiwaahidi watu kwamba wakitoa elfu kumi Mungu atawarudishia laki, maana isiporudi mtu anakosa hela na anakosa imani pia. Na ile habari ya mjane wa senti mbili kwenye Luka 21 tunaipenda sana siku za harambee, lakini rudini mistari michache nyuma mwisho wa sura ya 20, Yesu ametoka tu kuwaonya watu kuhusu wale wanaokula nyumba za wajane. Yule mama alitoa riziki yake yote. Usharika unaopokea senti zake mbili bila kwenda kuangalia kama nyumbani kwake jioni kuna chakula umesoma nusu ya habari.

Halafu suala la kusoma majina na kiasi. Nasema kwa upendo ila nasema wazi, acheni, angalau kwenye sadaka ya wahitaji. Ukisoma "fulani laki mbili, fulani elfu hamsini, fulani mia tano" yule wa mia tano wiki ijayo hatakuja. Mathayo 6 iko wazi, mkono wa kushoto usijue wa kuume unafanya nini. Tangazeni jumla. Na 1 Wakorintho 16:2 inatupa njia rahisi ambayo hata mtu wa kipato kidogo anaiweza, kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Piga hesabu, jumuiya ya kaya 15, kila kaya ikiweka 1,000 kwa wiki ni 15,000, kwa wiki nne ni 60,000. Usharika wenye jumuiya 12 wanapata 720,000 kwa mwezi na hakuna mtu aliyeumia wala kuchangishwa kwa kelele. Asiyeweza elfu aweke mia mbili, na asiyeweza kabisa asiulizwe.

Mnada, mavuno na mikono ya watu

Wengi wetu huku vijijini hela taslimu ni ngumu ila shamba lina kitu, kwa hiyo mnada baada ya ibada usiuache uende hivi hivi. Mnaujua, ibada ikiisha watu wanatoka nje, hapo chini ya mti kuna mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku amefungwa miguu, maparachichi kwenye beseni, lita za maziwa, na mnadi anaita bei, watu wanapandishiana na kucheka, na aliyenunua mara nyingi anarudisha kinadiwe tena. Ile furaha ni utajiri mkubwa, watoto wanakua wanaona kutoa ni jambo la kushangilia.

Tengeni Jumapili moja ya mwezi mnada wote uwe wa diakonia na msemaji aseme mapema leo tunatafuta nini, leo ni magodoro mawili ya wagonjwa walioko kitandani. Halafu wekeni meza pembeni, aliyenunua mayai akitaka yaende kwa mgonjwa anayaacha mezani na jumuiya husika inachukua jioni hiyo hiyo. Kitu cha kuangalia ni ubora, mayai yasiwe ya wiki tatu na mkungu usiwe ule ulioshindikana sokoni. Mnadi mzuri ni yule anayefurahisha watu bila kumsukuma mtu, akiona mzee kanyamaza kwenye elfu tatu asimtanie mbele za watu ili aongeze.

Siku ya mavuno ndo siku kubwa kwenye diakonia na wengi tunaipoteza. Mahindi yanaletwa, yananadiwa kwa bei ya chini kwa sababu msimu huo kila mtu anayo, hela inaingia kwenye matumizi ya kawaida, afu Februari hadi Aprili nyumba zimeishiwa na debe limepanda bei mnaanza kuchangisha hela ya kununua mahindi ya wahitaji. Wekeni sehemu ya mavuno stoo. Yakaushwe sawasawa, yawekwe kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa ambayo haihitaji dawa, yapangwe juu ya mbao yasiguse sakafu wala ukuta, na funguo ziwe kwa watu wawili. Kama mmepokea hela siku hiyo nunueni mahindi siku hizo hizo ambapo ni rahisi. Gunia kumi zilizowekwa Agosti ni amani kubwa masika mvua ikiwa inanyesha na vibarua hakuna.

Na aliye na mikono tu naye ana sadaka. Huku tuna msaragambo tangu wazee wetu, watu wanatoka na majembe wanachimba mfereji wa wote au wanasafisha barabara. Jumamosi moja vijana wa kwaya wakiacha mazoezi wakaenda kulima shamba la mjane kabla ya mvua, lile ni fungu la sadaka. Wanafunzi wa kipaimara wapewe mzee mmoja kila kikundi, wamchotee maji, wamkatie kuni, wakae wasikilize hadithi zake, na mwalimu wao afuatilie kama anavyofuatilia wamehifadhi amri kumi. Dorkasi wa Yafa kwenye Matendo 9 alikuwa fundi tu wa nguo, na alipokufa wajane walisimama wanalia wakionyesha kanzu alizowashonea. Fundi bomba, muuguzi mstaafu, mwalimu wa hesabu, mwenye pikipiki, waulizeni kila mmoja ana nini, wengi hawajawahi kuulizwa kitu zaidi ya hela.

Mhitaji asidhalilike

Hapa nitakaa kidogo maana naona ndipo tunapoharibu sana, tena tukiwa na moyo mzuri.

Hakuna picha. Hakuna kumsimamisha mama madhabahuni ashike mfuko wa unga huku simu zinapiga picha ziende kwenye grupu la WhatsApp. Watoto ndio kabisa, mtoto akishapigwa picha anapokea viatu vya msaada wenzake shuleni wanaiona na jina analopewa halimtoki hadi anamaliza darasa la saba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi makanisa, lakini hata bila sheria, je ungependa wewe? Mkitaka picha ya ripoti pigeni picha ya zile sare zimekunjwa mezani.

Kwenye sare, badala ya kununua zile saizi za kukisia na kumpelekea mtoto inayomfika magotini, ongeeni na fundi, mlipeni, afu mama ampeleke mtoto wake mwenyewe apimwe kama watoto wengine wanavyopelekwa na mama zao. Mama anarudi nyumbani akiwa mzazi aliyempeleka mtoto kwa fundi. Gharama ni ile ile. Na duka la mtaani mnaweza kufanya hivyo hivyo, mnalipia kiasi fulani, mhitaji anakwenda anachagua anachotaka, sabuni, mafuta ya taa, chumvi, hakuna mtu dukani anayejua nani kalipa.

Boazi alilifanya hili vizuri sana. Sheria ya Walawi 19 ilimtaka mwenye shamba asivune hadi pembeni, abakize kwa maskini na mgeni. Boazi alizidisha, aliwaambia vijana wake wadondoshe makusudi masuke kutoka kwenye miganda ili Ruthu aokote, na wasimkemee. Ruthu alirudi jioni na mzigo alioufanyia kazi. Kila mkipanga msaada jiulizeni tunawezaje kudondosha masuke.

Nguo za kugawa ziwe zimefuliwa, zimepigwa pasi, vifungo viko vyote. Kama huwezi kumvalisha mdogo wako usiilete kanisani, ifanye dekio nyumbani. Akina mama wa kamati msione haya kurudisha au kutenga nguo mbovu, mwenye kuleta atajifunza mara moja na Jumapili ijayo ataleta nzuri.

Na msaada usiwe na bei ya kiroho. Jirani Mwislamu aliyeunguliwa na nyumba, mtu asiyesali kabisa, binti aliyezaa nyumbani na mkamtenga kwenye meza ya Bwana, wote hao wakiwa na njaa wana njaa. Msamaria hakumuuliza yule majeruhi anasali wapi.

Halafu mruhusuni aliyesaidiwa naye atoe. Bibi aliyepata mlango wa choo akileta mayai mawili kwenye mnada yapokelewe kwa heshima na yanadiwe kama ya wengine, mtu asimwambie "bibi si ungekula tu". Wamakedonia kwenye 2 Wakorintho 8 walikuwa maskini kabisa na walimsihi Paulo wapewe nafasi ya kushiriki.

Toeni hesabu watu wazisikie

Kila mwezi, dakika mbili kwenye matangazo, kwa lugha ya kawaida. Hivi: "Mwezi huu mfuko wa diakonia ulianza na kiasi hiki, tumepokea hiki, tumetumia hiki. Familia tano zimepata chakula, mzee mmoja amepata barua ya matibabu, paa moja limebadilishwa mabati sita. Tumeshindwa jambo moja, kitanda cha mgonjwa hakijapatikana, bado tunatafuta. Kilichobaki ni hiki." Basi. Karatasi yenye risiti ibandikwe ubaoni, na atakayetaka kuona daftari aonyeshwe, majina ya wahitaji yakiwa yamefichwa.

Ile sehemu ya "tumeshindwa" msiiondoe. Watu wakisikia mnasema mlichoshindwa wanaamini na mlichosema mmefanikiwa, na mara nyingi mtu anakufuata nje ya mlango anakwambia kitanda kipo kwa shemeji yangu hakitumiki.

Mambo mengine ya haraka haraka

Wageni wa kupita, wale wanaokuja ofisini wana habari ya kupotelewa na nauli. Wengine ni wakweli, wengine ndio kazi yao, na kumpambanua mtu kwa macho hamuwezi. Msitoe taslimu, mpeni chakula, kama ni nauli kijana aende naye stendi amkatie tiketi. Mwenye shida ya kweli atashukuru.

Mwanasiasa akitaka kutoa kwenye mfuko wa wahitaji apokelewe kama msharika mwingine, aweke kwenye kikapu au Lipa Namba, kipaza sauti abaki nacho mchungaji. Karibu na uchaguzi muwe waangalifu zaidi maana wahitaji wenu wanaweza kugeuzwa mkutano wa kampeni.

Kuhusu mtaji wa biashara kwa mama lishe au muuza mboga, ni wazo zuri ila muutenge na mfuko wa msaada, uende kwa utaratibu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wenye marejesho na usimamizi. Mkichanganya mtakuwa mnamdai mjane hela aliyodhani ni zawadi na jumuiya itagombana.

Ndugu zetu walioko Dar, Arusha, Mwanza na nje ya nchi, wale wanaorudi Disemba, wana moyo sana lakini wakifika tarehe 23 wanakuta hakuna kilichopangwa, hela inaishia kwenye vitu vya haraka. Orodha yenu ya mahitaji ya Januari iwe tayari Novemba na itumwe kwenye magrupu ya familia na ya wanausharika walioko mbali, yenye namba, bei na Lipa Namba, bila majina ya watu. Mtu akiwa Mbagala anaweza kulipa sare ya namba 7 wiki hiyo hiyo, na kabla ya Krismasi fundi ameshamaliza kushona.

Kama kwenu hakuna kamati kabisa na mchungaji ana shughuli nyingi, anzeni na jumuiya yenu moja. Ibada ya wiki hii mkimaliza kusali mbaki dakika kumi, muulizane nani hatujamuona mwezi huu, mchague wawili waende kwake kesho yake, na wiki ijayo wawaambie wameona nini.